Sarakasi shuleni yahitaji andalio la somo

Afunguaye gazeti siku yoyote ya juma hatakosa kukutana na neno sarakasi, na aghalabu hatakutana nalo katika kurasa za michezo wala za burudani. Atalikuta katika habari za bunge na za vyama. Mwanasiasa akihama chama asubuhi na kurejea jioni, huambiwa kwamba anacheza sarakasi. Mkutano ukivunjika kwa kelele, mwandishi huandika kuwa ilikuwa sarakasi tupu. Sisi wasomaji tumezoea, wala hatuulizi wanasarakasi walitenda kosa gani hata kazi yao ikafanywa jina la ulaghai na vurugu. Amtazamaye mwanasarakasi halisi akiwa kazini ataona kinyume chake. Watu watano waliompandisha wa sita mabegani hawana nafasi ya vurugu wala ya ulaghai: mmoja wao akidanganya kuhusu nguvu alizo nazo, wote wataanguka.

Nimeanza na neno kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu, na kwa sababu dharau iliyomo ndani ya neno hili imeingia shuleni. Katika shule nyingi sarakasi ni jambo la kuwafurahisha wageni. Watoto wepesi wa viungo hukusanywa majuma mawili kabla ya Siku ya Wazazi, kijana wa mtaani ajuaye kupiga samasoti huitwa awaonyeshe, nao huiga hadi siku ifike. Kisha mambo husahauliwa mpaka mwaka ujao. Hapana azimio la kazi, hapana andalio la somo, hapana shabaha iliyoandikwa popote. Mwalimu yule yule asiyethubutu kuingia darasani kufunza ngeli za nomino bila maandalizi huwaacha watoto wapandane mabegani bila yeye kuandika hata mstari mmoja. Rai yangu ni kwamba hilo haliwezi kuendelea. Ikiwa tunataka watoto wetu wafunzwe sarakasi, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka, basi ifunzwe kama lugha inavyofunzwa: kwa hatua, kila hatua ikibeba ile inayoifuata.

Huenda mtu akauliza kama kuna haja ya kuyasema haya sasa. Iko. Chini ya mfumo wa 8-4-4 kila mmoja wetu anajua vipindi vya mazoezi ya viungo vilikokwenda: vilikuwa kwenye ratiba, lakini vilifundishiwa hisabati. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeleta jimnastiki na sanaa za maonyesho karibu zaidi na darasa, na shule za upili za juu zimewekewa mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo. Mlango umefunguliwa. Ninachohofia ni kwamba kitakachopita mlangoni ni ile tabia ya majuma mawili kabla ya Siku ya Wazazi.

Tutazame kidogo sanaa hii ilikotoka, maana historia yake ina funzo ambalo limepuuzwa. Sarakasi ya kisasa huhesabiwa kuanza London mwaka wa 1768, Philip Astley, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa hodari wa farasi, alipochora duara uwanjani na kupanda farasi akiwa amesimama juu ya tandiko. Duara lake lilikuja kuwa na upana wa futi 42, yaani takriban mita 13, na kipimo hicho kimebaki hadi leo kwa sababu za kifizikia: farasi anapozunguka kwa kasi katika duara la ukubwa huo, nguvu za mzunguko humsaidia mpandaji asianguke. Wengi hukisimulia kisa hiki bila kusema kwamba Astley alikuwa na shule. Asubuhi alifunza watu kupanda farasi. Alasiri alifanya maonyesho. Somo lilikuwa na saa zake, na kioja kilikuwa na saa zake.

Jina lenyewe lilitufikia kwa njia ndefu. Mwingereza wa kusini haitamki r iliyo katikati ya neno lake, bali katika Kihindi na Kigujarati husikika waziwazi, sarkas. Kwa hiyo naelekea kuamini kwamba tulilipokea kutoka kwa majirani zetu wa Kihindi, tukalitia irabu mahali konsonanti zilipogongana, kama ilivyo desturi yetu. Hilo nalisema kwa kupita tu.

Hapa Afrika Mashariki mafunzo ya sarakasi yaliyopangwa si jambo geni kama wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwapeleka vijana Uchina wakasomee sarakasi kwa miaka kadhaa, na waliporudi wakawa msingi wa kundi la taifa. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka wa 1981, kilirithi ujuzi huo na kuufunza pamoja na ngoma na tamthilia. Kwetu Kenya, shirika la Sarakasi liliundwa Nairobi mwaka wa 2001, na baadaye likalifanya jengo lililokuwa sinema ya Shan, pale Ngara, kuwa ukumbi wa mazoezi na maonyesho. Vijana wa Kikenya, wengi wao kutoka mitaa ya mashariki ya Nairobi na kutoka pwani, wamefanya kazi katika sarakasi za Ulaya na katika hoteli za nchi za Ghuba. Kwa hiyo ujuzi tunao. Kilichokosekana ni daraja kati ya ujuzi huo na mwalimu wa Darasa la Tano.

Watetezi wa mtindo wa kuiga wana methali yao: samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia ikitumiwa, si kwa maana ya malezi tuliyoizoea, bali kwa maana ya viungo hasa, mkufunzi akiwa amemkalia mtoto mgongoni ili amkunjue miguu hadi iguse sakafu. Wahenga hawakukusudia hivyo. Mtoto akiwa angali anakua, ncha za mifupa yake zina sehemu laini ambamo mfupa hurefukia, na mahali ambapo mishipa ya misuli hujishikiza ni dhaifu kuliko pa mtu mzima. Kunyumbuka kunakopatikana kwa mtoto mwenyewe kujinyoosha polepole, kila siku kidogo, kunadumu. Kunakopatikana kwa uzito wa mtu mzima kunaweza kuacha maumivu yatakayodumu pia. Kanuni ya kwanza ya mwalimu wa sarakasi ningeiweka hivi: hakuna mtu anayemsukuma mwenzake anyumbuke.

Sasa tuingie katika andalio lenyewe. Mwalimu wa lugha haanzi na insha. Huanza na sauti, silabi, neno, kisha sentensi. Silabi ya sarakasi ni kuanguka. Mtoto asiyejua kutua hajui lolote, hata kama anaweza kusimama kwa mikono dakika nzima. Majuma ya kwanza yangekuwa ya kutua tu: kuruka kutoka chini, kisha kutoka kwenye ngazi moja, magoti yakiwa yamelegea na kufuata uelekeo wa vidole vya miguu, mwili ukizama badala ya kugonga. Kisha kubiringika: kidevu kifuani, mgongo umeviringwa kama nusu ya gurudumu, uzito ukipita juu ya mabega na wala si juu ya kichwa. Kisha kuanguka kando bila kutanguliza kiganja kilichonyooshwa, maana mkono ulionyooka ndio uvunjikao kwenye kifundo. Watoto huyafurahia mazoezi haya yakigeuzwa mchezo. Mwalimu akisema “mbuyu” wote wasimame wima, akisema “embe” wote waanguke kwa ufundi waliofunzwa. Hatua hii huonekana ya kitoto na hairembeshi Siku ya Wazazi, na ndiyo sababu hurukwa.

Baada ya hapo ndipo kunakuja kusimama juu ya mwenzako, na hapa mwalimu wa hisabati ana la kusema. Chukua piramidi inayopendwa sana na shule zetu: watoto wanne wamepiga magoti chini, watatu juu yao, kisha wawili, kisha mmoja. Tuseme kila mtoto ana kilo 30 na kwamba kila mmoja hugawa uzito sawasawa kwa wawili walio chini yake. Aliye kileleni huwatwika wale wawili kilo 15 kila mmoja. Ukiendelea kugawa hivyo hadi chini, utakuta kwamba watoto wa pembeni katika safu ya chini wamebeba takriban kilo 26 kila mmoja, ilhali wale wawili wa katikati wamebeba karibu kilo 64 kila mmoja, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wao wenyewe. Nao wako katika hali hiyo huku wageni wakipiga makofi na mpiga picha akiomba wasubiri kidogo. Piramidi ya watoto watatu, wawili chini na mmoja juu, humtwika kila wa chini kilo 15 tu. Si kwamba ile kubwa haifai kamwe. Ni kwamba mtu hupaswa kuifikia kwa kupitia ile ndogo, na kwa kuchagua wa katikati kwa nguvu zao badala ya kimo au urafiki.

Mahali pa kukanyaga pia pafunzwe. Aliyepiga magoti abebe uzito juu ya nyonga na juu ya mabega, kamwe si katikati ya mgongo ambapo hakuna nguzo chini yake. Mikono yake iwe wima chini ya mabega, mapaja wima chini ya nyonga. Na kushuka kufunzwe kabla ya kupanda: wa juu kabisa hutangulia, hushuka mmoja mmoja kwa njia ile ile aliyopandia, wala haruki. Ile tabia ya piramidi kujiangusha kwa pamoja ili watu wacheke ningeipiga marufuku shuleni.

Hapo ndipo isimu inaponihusu moja kwa moja. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ziara ya kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya ualimu, nilikaribishwa kwenye Siku ya Wazazi ya shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Piramidi ya watoto kumi ilisimamishwa kwenye uwanja wa changarawe. Ilipoanza kuyumba, mwalimu aliyesimama kando alipaza sauti, “Shika! Shika!” Msichana aliyekuwa kileleni, katikati ya ngoma na vigelegele, akasikia “shuka”, akaruka. Safu yote ikafuata. Mvulana mmoja wa chini alivunjika mkono. Wakubwa wakasema ni bahati mbaya, na mgeni wa heshima akaendelea na hotuba yake.

Mimi sikuiona kuwa bahati mbaya. Shika na shuka ni maneno yanayotofautiana kwa irabu moja tu, nasi huwafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuyaita jozi za kulinganua sauti. Panda na pinda ni vivyo hivyo. Ruka na rusha hutofautiana kwa konsonanti moja. Katika chumba kitulivu hakuna wa kukosea. Katika uwanja wenye ngoma, sikio hupata umbo la neno na kubahatisha yaliyobaki. Marubani na mabaharia waligundua zamani kwamba amri muhimu hazifai kufanana kwa sauti, wakachagua maneno yao kwa uangalifu. Mwalimu wa sarakasi afanye hivyo. Kwa kushikilia aseme “kamata”, kwa kuteremka aseme “shuka”. Kwa kupanda aseme “panda”, na kwa kukunja magoti aseme “kunja”. Ajaribu maneno yake kwa kuyaita kutoka mwisho wa uwanja huku watoto wakipiga kelele kwa makusudi, aone yapi yanachanganyika. Ni zoezi la dakika tano na watoto hulipenda.

Aidha, amri isiwe ya mwalimu pekee. Aliye chini ndiye ajuaye kama mgongo wake unaanza kukata tamaa, kwa hiyo neno la kusimamisha kila kitu liwe mali ya kila mtoto. Mimi ningechagua “basi”. Mtoto yeyote akisema basi, piramidi inashuka kwa mpangilio wake wa kawaida, bila maswali na bila lawama. Wazo hili huwatia hofu walimu waliozoea nidhamu ya kunyamaza. Wajue kwamba mtoto anayeogopa kusema basi atalisema kwa mwili wake, yaani kwa kuporomoka. Fimbo nayo haina mahali hapa. Adhabu ya viboko ilifutwa katika shule zetu mwaka wa 2001 na Katiba ya 2010 ikaimarisha katazo hilo, lakini katika kumbi za mazoezi za mitaani bado wako wakufunzi wanaoamini kwamba samasoti huingia mwilini kwa ufito. Mtoto anayeruka kwa kuogopa fimbo hutazama fimbo. Hatazami anakotua.

Kuna upande mwingine wa sarakasi usiohitaji mabega ya mtu wala godoro, nao ndio ningewashauri walimu wengi waanzie: kurusha na kudaka. Vifaa vyake ni soksi kuukuu zilizojazwa mahindi au ndengu na kufungwa vizuri; hazidundi, haziviringiki, na zikianguka hungoja pale pale. Katika nchi nyingine wakufunzi huwaanzishia watoto wadogo mifuko ya plastiki inayoelea hewani polepole. Sisi mifuko hiyo tuliipiga marufuku mwaka wa 2017, lakini vipande vya mtandio mwembamba vinafanya kazi hiyo hiyo na vinapendeza zaidi. Mtoto huanza na soksi moja, akiirusha kutoka mkono huu hadi ule, kilele kikiwa mbele ya macho. Akizoea, hushika mbili: hurusha ya kwanza, na inapofika kileleni hurusha ya pili, kisha hudaka ya kwanza, hudaka ya pili. Kosa la karibu kila mtu ni kuipitisha ya pili mkononi badala ya kuirusha. Mwalimu asilipuuze hata siku moja, maana asiyelirekebisha katika mbili hatafika tatu.

Na hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. Mkazo wetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo maneno ya silabi mbili huanza kwa mkazo na kumalizia kwa kulegea. Sema kwa sauti: rusha, rusha, daka, daka. Mdundo wenyewe unakuonyesha wakati wa kutupa na wakati wa kungoja. Darasa zima likiimba maneno hayo manne, mikono hufuata. Nilitangulia kusema kwamba ruka na rusha hukaribiana, lakini katika zoezi hili hakuna anayeruka, na neno lililo hatari katika piramidi huwa salama mbele ya meza. Ni sharti kila somo liwe na msamiati wake.

Wanafunzi wa shule za upili wanaopenda hisabati wataikuta hazina nyingine humu. Katika miaka ya 1980 warushaji wa Ulaya na Marekani walibuni namna ya kuandika mitindo ya kurusha kwa tarakimu, kila tarakimu ikionyesha mpira utarushwa tena baada ya mapigo mangapi. Mtindo wa kawaida wa mipira mitatu ni 3, 3, 3. Mtindo wa 4, 4, 1 pia ni wa mipira mitatu, na wa 5, 3, 1 vilevile, kwa sababu wastani wa tarakimu hizo ndio idadi ya mipira. Lakini jaribu 4, 3, 2. Wastani wake ni 3, na kwa macho hauna kasoro. Hata hivyo mpira wa kwanza unatua kwenye pigo la nne, wa pili unaorushwa pigo moja baadaye unatua pigo lile lile, na wa tatu vilevile. Mipira mitatu, mkono mmoja, wakati mmoja. Nawaambia wanafunzi wangu wa sarufi kwamba huo ni mfano bora kuliko mingi iliyomo vitabuni: maneno yote ni sahihi na sentensi haikubaliki. Claude Shannon mwenyewe, mwanahisabati ambaye kazi yake ya mwaka wa 1948 kuhusu mawasiliano sote tunaidondoa, aliitungia sanaa hii ya kurusha kanuni ya hesabu na kuunda mashine za kuonyesha inavyofanyika.

Tusivutwe tukaahidi miujiza, lakini. Mwaka wa 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliojifunza kurusha mipira mitatu kwa miezi mitatu waliongezeka kidogo katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona vitu vikienda. Waliokuwa wakitafitiwa walikuwa watu wazima, na walipoacha mazoezi ongezeko hilo lilipungua. Mwalimu asimwambie mzazi kwamba mtoto atapasi sayansi kwa sababu ya soksi za ndengu. Inatosha kusema kwamba mtoto atajifunza kukosea mara mia mbele ya wenzake na kuokota soksi yake.

Umri nao una mambo yake. Watoto wa miaka sita au saba hawawezi kungoja zamu kwa muda mrefu, na kipindi cha dakika thelathini ambamo kila mmoja ameruka mara mbili na kusimama foleni muda uliosalia ni kipindi kilichopotea. Darasa ligawanywe katika vituo, kituo kimoja cha kurusha, kimoja cha kutembea juu ya mti uliolazwa chini, kimoja cha kubiringika, na mwalimu asimame kwenye kile chenye hatari. Kati ya miaka tisa na kumi na mbili ndipo njaa ya ufundi huwa kubwa. Hapo kazi ya mwalimu ni kuzuia zaidi kuliko kuhimiza. Kisha hufika balehe. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka kama kumi na miwili, wavulana kama kumi na minne, na katika kipindi hicho mtoto aliyekuwa hodari huanza kujikwaa kwa miguu asiyoifahamu urefu wake. Magoti huuma chini ya kifuniko. Mwalimu asiyejua hili humwita mvivu. Ajuaye humpunguzia kuruka, humwongezea kazi ya kurusha na ya usawazisho, na humwambia waziwazi kwamba mwili wake utatulia.

Vijana wana jambo jingine pia, nalo ni haya. Msichana wa miaka kumi na minne hatapinduka akiwa amevaa sketi, na hapaswi kuombwa. Suruali ya mazoezi iwe sare ya wote. Mwalimu anayemlinda mwanafunzi asianguke analazimika kumshika, basi aseme kwanza atashika wapi, aonyeshe mbele ya wote, na aombe ruhusa. Upesi iwezekanavyo wanafunzi wafunzwe kulindana wao kwa wao. Hakuna mazoezi ya mtu na mkufunzi wake peke yao katika chumba kilichofungwa, hata kama mkufunzi ni maarufu, na hasa kama ni maarufu. Waethiopia walilijua hili kwa uchungu. Sarakasi ya watoto iliyoanzishwa Addis Ababa mwaka wa 1991, ambayo ilikuwa imesifiwa kote ulimwenguni, ilitikiswa mwishoni mwa muongo huo na tuhuma kwamba watoto waliodhaniwa kuokolewa walikuwa wakidhulumiwa. Sifa za nje zilikuwa zimewazuia wengi wasiulize.

Kuhusu vifaa, sina maneno mengi. Shule isiyo na godoro la mazoezi isifunze samasoti ya hewani. Basi. Magodoro ya kulalia yaliyopangwa hayafai, kwa maana mguu huzama kwenye mwanya na kifundo hupinduka. Shimo la mchanga la kuruka mbali, likiwa limechimbuliwa na kupekuliwa vigae, linafaa kwa kutua. Nyasi zinafaa kwa kubiringika. Ngongoti, zile ambazo wacheza ngoma wa Kimakonde huzivaa wakawa warefu kama minazi, seremala yeyote wa kijiji anaweza kuzichonga za futi moja kwa wanaoanza.

Na onyesho? Sipingi onyesho. Sanaa hii imezaliwa mbele ya watu na mtoto aliyefanya kazi muhula mzima anastahili makofi. Ninachotaka ni kwamba onyesho lichukue yale ambayo tayari yamefunzwa, na kwamba hakuna kipya kinachoongezwa katika siku kumi za mwisho. Mwalimu mkuu akitaka piramidi ndefu zaidi kwa kuwa mgeni ni mkubwa zaidi, mwalimu amwonyeshe azimio la kazi: tumefika hapa, hatujafika pale. Karatasi hiyo itamkinga kuliko maneno yake.

Limebaki suala la wale wachache watakaotaka kuifanya sarakasi kuwa kazi yao. Wapo, na wakikaribia miaka kumi na minane watafuatwa na mawakala wenye mikataba ya ng'ambo. Mkataba huo aghalabu huandikwa kwa lugha ambayo kijana haimudu vyema, kwa sentensi ndefu zenye vishazi vingi, na kijana hutia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole. Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa hiyo, ningeweka vipindi viwili vya kusoma mkataba. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wakae pamoja na kikundi hicho, watafsiri kifungu baada ya kifungu, na kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake majibu ya maswali machache: ni maonyesho mangapi kwa juma, siku ya mapumziko ni ipi, nani atalipa hospitali nikivunjika mguu nikiwa mazoezini na si jukwaani, nani atakayekaa na pasipoti yangu, na nauli ya kurudi nyumbani iko mkononi mwa nani.